Mchoraji Asiyeweka Saini

Machi 7

Mvua zimeanza, na Mficha Miguu amefanya tena mambo yake.

Nikifa na mtu akaliokota daftari hili, ajue kwamba Mficha Miguu ndilo jina tulilompa mchoraji wa Nanga, kitabu cha katuni cha kila Alhamisi, na Nanga ndiye shujaa wetu mimi na kaka yangu. Nguvu zake ni uzito tu. Akiamua, anakuwa mzito kuliko ghorofa na hakuna wa kumsogeza. Hapai, harushi moto, hana joho. Anasimama mahali, basi, na waovu wanajigonga kwake wenyewe. Hadithi tamu kabisa, imeangukia mikononi mwa mtu asiyejua kuchora miguu. Nanga akisimama, pana moshi. Akikimbia, pana vumbi. Akiingia sebuleni, kochi limewekwa mbele yake. Toleo la leo wanapigana ndani ya benki, na sakafu ya benki imeota majani hadi magotini. Nani kapanda majani benki?

Nimempelekea kaka toleo hilo karakana. Yeye ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha. Alilisoma, akanirudishia. "Takataka," akasema. "Alhamisi ijayo usichelewe kulileta." Ndivyo alivyo. Maisha yangu yote sijamsikia akisema kitu kilichochorwa ni kizuri. Mchoraji ninayempenda mimi, Bibi Zambarau wa *Dada Kimbunga*, kwake ni mpakaji wa rangi za kucha. Nilipokuwa mdogo hakuniruhusu hata kugusa matoleo yake, eti vidole vyangu vina mafuta. Nilikuwa nayasoma kwa kuyachungulia begani kwake.

Lakini kilichonikosesha raha leo si takataka wala kucha. Kaka alilisoma toleo likiwa limegusa pua. Ana jicho moja tu, la kulia. La kushoto lilikwenda na cheche miaka ya ujana. Wiki iliyopita alisoma akiwa amenyoosha mkono.

Machi 11

Wamempasua leo asubuhi.

Daktari wa macho alitueleza hivi: nyuma ya jicho pana utando unaopokea picha, na wa kaka umebanduka kama karatasi ya ukutani yenye unyevu. Wameurudisha, kisha wakaweka kiputo cha gesi ndani ya jicho ili kiukandamize mpaka ushike. Kiputo kawaida yake hupanda juu, kwa hiyo kaka lazima alale kifudifudi, uso chini, mchana na usiku. Akilala chali, kazi bure. Na hakuna jicho la akiba.

Kabla ya kwenda hospitali alijichomelea fremu ya kulaza uso: bomba lililopindwa duara, limevishwa sponji ya kiti cha gari. Wifi, mkewe, alipoiona akasema, "Hata ugonjwa anautengenezea geti." Alisema bila kucheka. Yule mwanamke sijawahi kumwelewa. Mumewe yuko hivyo, naye anakunja nguo.

Machi 14

Kazi yangu ni kutoa nakala na kufunga ripoti kwa spirali, si kusimulia picha. Jioni nilikaa sakafuni karibu na kichwa chake, nikafungua toleo jipya.

"Nanga anampiga mtu," nikasema.

"Anampigaje?"

"Kwa ngumi."

"Ngumi ipi? Inatokea wapi? Mwanga uko upande gani?" Sauti yake ilitoka chini ya fremu kama ya mtu aliye kisimani. "Unanisomea risiti?"

Nikajaribu tena. Nikamwambia ngumi ni ya kushoto, inatoka pembeni mwa picha, kubwa kuliko kichwa cha mpigwaji. Akauliza mistari ya nguo. Akauliza kama mdomo wa mpigwaji uko wazi. Kwa ukurasa wa kwanza peke yake tulimaliza chai. Tulipofika mwisho koo lilikuwa limenikauka, na yeye akasema, "Takataka. Kesho rudia ukurasa wa nne, umeuruka upesi."

Alikuwa sahihi, niliuruka.

Machi 17

Naandika hili nikiwa na hasira na nafsi yangu. Mficha Miguu anajua kuchora mvua.

Miaka yote nimemcheka, leo namsimulia kaka picha ya mtaa uliolowa, nikajikuta nimekwama. Hakuchora tone hata moja. Ameacha weupe mwembamba juu ya mabega ya watu na juu ya mabati, na wewe unajua kwamba inanyesha. Nilimweleza kaka hivyo hivyo. "Hilo nililiona zamani," akasema. "Ulikuwa unatazama miguu tu, kama wauza viatu."

Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunasoma kitabu kimoja kwa macho mawili tofauti.

Machi 20

Mvua. Mashine imemeza karatasi tena. Miguu yangu haitulii chini ya meza, bosi ameniuliza kama nina haja.

Machi 28

Tumegombana kuhusu Bibi Zambarau hadi wifi akaja kufunga mlango. Nilisema rangi zake zinafanya hata ukuta uwe na huzuni. Kaka akasema ukuta hauna sababu ya kuwa na huzuni, ni ukuta, na kwamba anaficha uvivu wa penseli chini ya rangi. Nikamwambia amezoea kupaka mageti rangi ya kuzuia kutu ndiyo maana. Akacheka mpaka fremu ikagongagonga kitanda, nikaogopa kiputo kisije kikahama.

Aprili 4

Amesema akitoka hapo hataki tena kuona sakafu maishani mwake. Shingo imevimba. Nimemkanda.

Aprili 11

Sijui nianzie wapi. Nimesimama, nimekaa, nimepanga viatu vyote vya mlangoni, sasa naandika.

Asubuhi tulimpeleka hospitali. Daktari aliangalia, akaangalia tena, akatuambia utando umebanduka upya upande wa chini. Wakampasua palepale, kiputo kipya, na kifudifudi upya kuanzia mwanzo. Tukamrudisha kaka nyumbani. Tulipomlaza, akasema, "Mimi naamka."

"Huamki," wifi akasema.

"Naamka. Mwezi mzima natazama saruji kama kuku. Liende likienda. Kuna vipofu wanaishi."

Akaweka mikono godoroni ajiinue. Wifi alimshika bega moja, mimi nikashika jingine, na yule mtu ana mabega ya kubeba mageti. Nikapiga kelele neno la kwanza lililonijia: "Nanga yuko chini ya maji!"

Akatulia. "Yuko wapi?"

"Toleo la leo. Lala nikusomee."

Akalala. Nikalitoa kwenye mfuko, bado sijalifungua mwenyewe. Bwawa linapasuka, mji uko chini, na Nanga anajifanya mzito kuliko siku zote ili aizibe nyufa kwa mwili wake. Bwawa linasimama. Lakini sasa ni mzito mno, anazama ziwani, anazama, anazama, na picha ya mwisho ni maji matulivu. Chini yake, kwa herufi ndogo, wameandika: *Hili ndilo toleo la mwisho la Nanga. Tunawashukuru wasomaji wetu.*

Nilimsimulia yote, ila hizo herufi. Ulimi ulikataa.

"Mpumbavu huyu," kaka akasema, na nilijua anamaanisha mchoraji. "Anamwacha pale wiki nzima? Atatokaje?"

"Tutaona Alhamisi," nikasema.

"Basi mpaka Alhamisi," akasema, akaurudisha uso kwenye fremu. Wifi alinitazama. Alikuwa ameyaona yale maandishi kwa kuyachungulia begani kwangu.

Aprili 12

Muuza magazeti amenihakikishia. Hakuna Nanga tena, wachapishaji wameona haiuzi. Haiuzi! Wanachapisha *Pacha wa Moto*, ambamo watu wote wana uso mmoja na nywele tofauti, halafu wanamzika Nanga. Nimelia mbele ya kibanda chake kama mjane.

Aprili 18

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Leo nimechukua karatasi nyeupe za kazini, nimezikunja na kuzibana pini katikati ili zisikike kama kitabu zikifunuliwa, nimekaa sakafuni, nimesoma.

Nilimwambia Nanga hakufa. Yuko mzito, basi anatembea chini ya ziwa. Pembeni mwake pana magari yaliyozama zamani, na ndani ya basi moja pana taa inayowaka. Nilikuwa nafunua karatasi tupu huku jasho linanitoka. Kaka alitaka kujua taa ni ya rangi gani. Nikasema ya njano chafu. Akataka kujua nani ameiwasha.

"Wameishia hapo," nikasema, kwa sababu hata mimi sikujua.

Aprili 25

Nimekamatwa nusu.

Nilikuwa nimepata moto, nasimulia jinsi Nanga anavyolikaribia lile basi: "Tope linapanda katikati ya vidole vyake vya miguu, na kila unyayo unaacha shimo ambalo samaki anaingia."

"Ngoja," kaka akasema. "Vidole vya nini?"

Nikafunua karatasi tupu nyingine.

"Vya miguu."

"Mficha Miguu amechora vidole vya miguu? Chini ya ziwa, ambako angeweza kujaza magugu hadi shingoni bila mtu kumuuliza?"

Kosa kama hilo hakuna mtu mwingine mjini hapa angelifanya, na hakuna mwingine angelisikia. Ikabidi nichague upesi. "Wamebadilisha mchoraji," nikasema.

"Nani?"

"Hajaweka saini."

Matone yalikuwa yanaanguka kwenye beseni chini ya dari. "Rudia pale pa samaki," akasema. Nikarudia. "Huyu," akasema polepole, "huyu anatazama vitu." Kisha akaniamuru nisome picha zote upya tangu ukurasa wa kwanza, nami nikasoma upya kurasa ambazo hazipo, nikiomba nisikosee nilichosema mwanzo.

Mei 2

Anamwita Bila Saini. Anazungumza habari zake asubuhi hadi jioni. Anasema ana mkono mwepesi, labda ni kijana, labda ni mtu aliyekaa miaka akichungulia kazi za wengine. Anasema, "Jicho likipona, mtu wa kwanza ninayetaka kumwona ni yeye. Samahani, mke wangu."

Wifi akasema amesamehewa. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye mvua bila mwavuli.

Mei 5

Rafiki yake, Fundi Redio, amekuja kumsalimia. Naye ni msomaji wetu wa siku nyingi, na sikuwahi kumwonya.

"Pole ndugu yangu," akaanza, maji yakimtiririka. "Na Nanga naye, ndiyo wametuzikia..."

Wifi alimkanyaga. Niliona kwa macho yangu, kisigino kizima.

"...adui," Fundi Redio akamalizia.

"Adui yupi?" kaka akauliza kutoka chini.

"Yule mrefu."

"Hakuna adui mrefu. Wewe umesoma matoleo ya Bila Saini?"

Fundi Redio akanitazama, nikamkazia macho. "Nimeyasoma. Makali."

"Unaonaje vivuli vyake?"

"Virefu," akasema yule maskini, na kaka akaguna kwamba watu wengine hata wakipewa macho mawili ni hasara.

Mlangoni aliniuliza, "Utamwambia lini, dada?"

"Akiona."

"Na asipoona?"

Nikamfungulia mwavuli aende zake.

Mei 9

Nilifika jikoni kuweka vikombe, wifi anakata vitunguu. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Yule mama ndani ya basi, aliyewasha taa. Ni mama yake Nanga?"

Nilidhani nimesikia vibaya. Huyu anayeviita "vikatuni vyenu". Kumbe kila Alhamisi anakaa nyuma ya mlango.

"Sijaamua," nikasema.

"Asiwe mama yake. Mama angeshapanda juu kumtafuta. Awe mtu anayengoja tu." Akaendelea kukata. Nilimtazama mikono yake, jinsi ilivyochubuka kwa kufua mashuka ya mgonjwa, nikaona aibu kwa yale niliyoandika humu Machi.

Mei 16

Daktari amesema utando umeshika. Kaka ameruhusiwa kukaa wima. Gesi itayeyuka yenyewe, na jicho huenda likarudi kidogo kidogo, huenda lisirudi. "Wakati mwingine utando unashika lakini hauamki," alituambia sisi wawili pembeni. "Mpeni muda."

Kaka alikaa kitandani, kichwa juu, akageukia kila upande. "Naona," akasema. "Naona, jamani." Wifi alimkumbatia. Mimi nilishangilia kwa sekunde moja, halafu nikakumbuka litakalofuata.

Mei 18

Limefuata. "Niletee Bila Saini," akasema. "Yote."

Nilikuwa na siku mbili za kujiandaa kukiri na sikujiandaa chochote. Nikaenda kwenye sanduku lake la matoleo, nikavuta toleo lolote la chini kabisa, la Mficha Miguu wa zamani, lenye moshi kila ukurasa. Nikampa mkononi. Niliwaza: atalifungua, atanitukana, tutamaliza. Mfa maji hukamata maji.

Alilifungua. Akalisogeza karibu na uso, akalisogeza mbali. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akapitisha kidole juu ya picha.

"Nzuri," akasema.

Nilikitazama kile kidole juu ya moshi.

"Mistari safi. Nilikwambia huyu ni fundi." Akafunua tena. "Nzuri sana hii."

Uongo wangu umesalimika. Hakuna atakayeniuliza. Nami ningetoa chochote nilicho nacho anipige na lile toleo kichwani. Katika maisha yake hajawahi kusema picha ni nzuri, na leo amesema mara mbili, kwa upole, kama mtu anayesifu chakula asichokionja. Kaka yangu haoni kitu.

Mei 19

Nimemwambia wifi. Nilidhani namvunja moyo.

"Najua," akasema. "Juzi nilimletea chai, akajitilia chumvi. Akainywa yote. Akaniambia tamu."

Tulikaa kwenye ngazi za nyuma, mvua ikitupiga magotini. Amesema tusimwambie kwamba tunajua. Akitaka kuona mbele yetu, tumwache aone. Sikukubali, sikukataa.

Mei 23

Amesema nimsomee bado, eti jicho linachoka. Nikachukua karatasi zangu tupu. Nilifika pale mama wa kwenye basi anamwuliza Nanga kama juu bado kuna mchana, sauti ikakatika. Nikasema ni mafua.

Mei 26

Hakuna lolote.

Mei 30

Mvua inapungua. Lile toleo liko kando ya mto wake, analifunua kila siku, analifunga. Nampita mlangoni kama mwizi. Kazini nimefunga ripoti ya mtu kichwa chini miguu juu, bosi amefoka, nami nikafoka zaidi. Sitaki kusoma chochote. Nimeliona *Dada Kimbunga* jipya kibandani, jalada lote la zambarau, nikalipita.

Juni 2

Niliulizwa na kaka kama nje kuna jua. Nikasema lipo. Akasema, "Ndiyo, naliona." Kulikuwa na mawingu.

Juni 6

Wifi alinipigia simu nikiwa kazini. "Njoo," akasema. "Anafoka."

Sikuaga. Nilikimbia na mvua yenyewe ya rasharasha, na kutoka barabarani tayari nilimsikia. Alikuwa amesimama dirishani, lile toleo limebanwa kwenye kioo kwa viganja viwili, pua imeligusa.

"Njoo hapa! Huu ni mlango?"

"Upi?"

"Huu! Bawaba ziko huku. Kitasa kiko wapi? Huku huku! Upande mmoja na bawaba! Utafungukaje? Mimi nimetengeneza milango miaka yangu yote, mteja akipewa mlango huu anaita polisi!"

Kilikuwa kimlango kidogo, nyuma kabisa ya picha, kidogo kuliko ukucha. Mimi mwenyewe sikuwahi kukigundua.

"Asubuhi nikaona bawaba," akasema. "Bawaba tu. Nikakaa nalo dirishani mpaka nikakiona kitasa. Nikasema haiwezekani, Bila Saini hafanyi ujinga huu. Nikageuza kurasa. Moshi! Vumbi! Kochi! Hili ni la yule kenge asiyejua miguu, nililisoma kabla sijaoa! Ulinipa hili ukaniambia ni la Bila Saini!"

"Ndiyo, kaka."

"Bila Saini ni nani?"

"Ni mimi."

Alinigeukia. Alinitazama, kweli alinitazama, jicho likaenda kwenye nywele zangu zilizolowa, kwenye kola, likarudi. "Na Nanga?"

"Walimmaliza Aprili. Alizama, basi."

"Aprili! Wiki zote hizo unanifunulia nini?"

"Karatasi za kazini."

"Mwongo! Mwongo mkubwa! Unamdanganya mgonjwa!"

"Na wewe ulisema ni nzuri," nikamwambia. "Ulisema mistari safi."

Wote wawili tulijua kwamba siku ile hakuwa akiona. Kisha akalibamiza toleo mezani, akainama juu yake.

"Safi? Hii ni safi? Tazama pua hii, hii ni pua au kiazi? Tazama sikio la huyu wa nyuma, limekaa shavuni. Na dirisha hili, nondo tano juu, chini nne, moja imekwenda wapi? Tazama!"

Kidole chake kilikuwa kinaruka kutoka picha hadi picha, kila mara kwenye kitu kidogo zaidi. Jikoni wifi alikuwa amekaa chini kabisa, kitambaa cha vyombo usoni, mabega yanamcheza. Kaka alifunua ukurasa mwingine akaanza upya, na kila alipomaliza na mchoraji alirudi kwangu, mwongo, mzushi, mwenye vidole vya mafuta. Nami nilisimama palepale mlangoni, maji yananichuruzika, natukanwa, na sikutaka anyamaze.